Ramani inasema mchanga, wazee wanasema tasi: nani aaminiwe?

*Swali: Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa ufuo, katika pwani ya Kwale. Tumekubaliana kijijini tutenge sehemu ya bahari isivuliwe, tengefu kama ile ya Kuruwitu, Kilifi. Shirika linalotusaidia limetuletea ramani ya setilaiti yenye rangi: matumbawe waridi, nyasi bahari kijani, mchanga njano. Wanashauri tufunge penye matumbawe kwa sababu ndiko kwenye samaki. Wazee wamekataa. Wanasema ramani imeandika mchanga mahali wanapotega madema, ile mitego ya kusukwa, kuvua samaki aitwaye tasi kila mwaka, na imeandika nyasi mahali ambapo nyasi zilikwisha zamani. Kikao kimevunjika mara mbili. Ramani kama hii inaaminika kiasi gani? Tunaweza kuchora yetu bila pesa nyingi? Na tutajuaje kwamba mahali fulani samaki wanapahitaji kweli, si kwamba ndipo tu tunapowavulia? Lile shirika tuwaambie nini?*

Ndugu Katibu, kati ya maswali yako nimelishika zaidi lile la tatu. Mahali samaki wanapopahitaji na mahali mnapowavulia ni mambo mawili, na wapo watu waliosomea kazi hii waliopitisha miaka mingi kabla ya kuyatenganisha. Kikao chenu kimeshayatenganisha, hata kama kilivunjika.

Niseme mapema ninavyoona. Sidhani kuna upande unaodanganya. Ramani inaeleza sakafu ya bahari ilionekana ina rangi gani siku picha ilipopigwa. Wazee wanaeleza samaki hupatikana wapi kwa zana zao. Mnalotafuta nyinyi ni jambo la tatu ambalo hakuna upande uliolijibu bado: samaki wa hapo kwenu wanapita wapi tangu yai mpaka nao wazae, na ni mahali gani ambapo wakipakosa, kizazi kinakatika.

Tuanze na ramani yenyewe. Setilaiti haioni nyasi wala matumbawe. Inaona mwanga wa jua uliopenya maji, ukagonga sakafu, ukarudi juu. Maji nayo huula mwanga huo kwa kuchagua. Wekundu humalizika katika mita chache za mwanzo. Ndiyo maana ukizama pima tano na kitambaa chekundu mkononi, huko chini kinakuwa kama cheusi. Kijani hufika mbali zaidi, na buluu mbali kuliko zote, mita 20 na zaidi pale maji yanapokuwa safi. Basi kadiri kina kinavyoongezeka, vitu huanza kufanana. Nyasi nene, na mwamba uliokufa ukaota mwani, huweza kurudisha mwanga uleule, na kompyuta ikavipa jina moja. Wataalamu wana hesabu za kuondoa athari ya kina, nazo husaidia, ila zinataka maji yawe na usafi mmoja eneo zima. Kwenu si hivyo. Masika mto ukimwaga tope, au maji yakitoka kwenye mifereji ya mikoko wakati wa kupwa, picha inayopigwa siku hiyo haifai kabisa.

Kisha kuna ukubwa wa mraba. Picha za bure zinazotumika sana, za Sentinel-2 iliyorushwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, zina miraba ya mita 10 kwa 10. Za Landsat ni mita 30. Kila mraba lazima upewe jina moja tu. Mraba ukiwa na mafungu madogo ya nyasi yaliyotawanyika juu ya mchanga mweupe, mchanga hushinda, kwa sababu unang'aa kuliko nyasi. Hapo ndipo nadhani wazee wenu wanapodhulumiwa. Mahali "pa mchanga" wanapotega madema huenda pana nyasi chache ambazo setilaiti haikuzihesabu. Au ni mchanga kweli, lakini ni njia. Dema hutegwa samaki anapopita, si lazima anapokaa, na tasi wanaotoka kwenye nyasi kwenda mlangoni, yaani kwenye pengo la mwamba, lazima wavuke mahali fulani. Yote mawili yanawezekana, na kujua lipi ni kweli ni kazi ya asubuhi moja yenye maji makavu.

Kuhusu nyasi zilizokwisha, la kwanza kuuliza ni tarehe ya picha. Ramani za dunia nzima, kama ile ya Allen Coral Atlas iliyokamilika mwaka 2021, zimeunganishwa kutoka picha za vipindi tofauti, na aina za sakafu zimechorwa kwenye maji ya kina kifupi tu, kama mita 10 hivi. Ni kazi kubwa, nami naitumia. Lakini haikuchorwa kwa ajili ya kijiji chenu, na nyasi za upande wa Kwale zimebadilika sana. Kwenye maji ya ndani kati ya Diani na Chale watafiti wameandika jinsi wanyama wa miiba, wale wa duara wanaojificha mchana wakijifunika vipande vya majani, walivyozifyeka nyasi ndefu. Samaki wanaowala wanyama hao, kama vile kikande, walikuwa wamevuliwa wakapungua. Nyasi zikifa, mahali pake pakaota mwani, setilaiti bado inaona kijani.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi nilichora ghuba nzima kwenye kompyuta kabla sijalowa maji. Sehemu moja kubwa niliipaka rangi ya nyasi, na nilipokwenda kuzama nikakuta matumbawe yaliyokufa katika joto la mwaka 1998, yamefunikwa na mwani. Mama aliyekuwa akichokoa pweza pembeni aliniuliza natafuta nini. Nilipomwambia, akaniuliza kwa nini sikuanzia kwake. Sina jibu la swali hilo mpaka leo, ila tangu siku hiyo huanzia kwa watu kama yeye.

Sasa lile wazo la shirika, kwamba samaki wako kwenye matumbawe. Ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kuharibu tengefu yenu. Samaki mkubwa mnayemwona mwambani hakuzaliwa akiwa mkubwa wala hakukulia hapo. Mchukue tasi. Mayai yakianguliwa, watoto huelea na mikondo, kisha wanatua, na wengi hutua kwenye nyasi, wakala majani na mwani unaoota juu yake, wakajificha humo. Wakikomaa hukusanyika kuzaa, mara nyingi karibu na kingo za miamba na milango. Changu wengi nao hukulia kwenye nyasi ndipo wasogee mwambani. Yupo na pono wa nyasi, yule wa kijani anayefanana na jani lenyewe, ambaye maisha yake karibu yote ni kwenye nyasi. Mkifunga mwamba peke yake, huyo hamjamfanyia lolote, na changu mtamlinda uzeeni huku juya, wavu wa kukokota, likimzoa utotoni.

Kuna jambo moja la pwani yetu ambalo ushauri unaotoka mbali husahau. Tafiti nyingi za kwanza kuhusu mikoko na samaki zilifanywa Karibi, ambako maji hupanda na kushuka kwa sentimita makumi tu. Huko samaki mdogo anaweza kukaa kati ya mizizi usiku na mchana. Kwetu, bamvua ikifika, yaani siku za maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na mikoko yote hubaki kavu. Samaki mdogo aliyeingia mikokoni kula lazima atoke kila siku, na akitoka anahitaji pa kukimbilia: mfereji usiokauka, kidimbwi, au nyasi zilizo karibu. Tafiti zilizofanywa ghuba ya Chwaka, Unguja, zimeonyesha wazi kwamba nyasi na mifereji ya mikoko hubeba watoto wa samaki wa aina nyingi wanaoliwa. Kwa hiyo mkiona kwenye ramani kipande kidogo cha maji yasiyokauka kati ya mikoko na nyasi, msikipuuze kwa udogo wake. Huenda hakifiki ukubwa wa uwanja wa mpira, na watoto wa samaki wa ukanda mzima wakawa wanaponea hapo.

Nije kwenye swali lako kubwa. Marekani waliliingiza katika sheria yao ya uvuvi mwaka 1996. Walisema makazi ya lazima kwa samaki ni maji na sakafu anayoihitaji ili azae, ale na akue mpaka akomae. Baada ya hapo walilazimika kupanga ushahidi kwa ngazi nne, na ngazi hizo ninazipenda kwa sababu zinamzuia mtu asiseme zaidi ya anachokijua. Ngazi ya kwanza ni kujua tu kama samaki yupo mahali au hayupo. Ya pili ni kujua yupo kwa wingi gani katika kila aina ya sakafu. Ya tatu ni kujua anakuaje, anazaaje na ananusurika kiasi gani akiwa hapo. Ya nne ni kujua mahali hapo panatoa samaki wangapi. Pamoja na meli na maabara zao, aina nyingi za samaki wa kwao ziko ngazi za chini.

Ramani ya rangi mliyoletewa haijafika hata ngazi ya kwanza. Ni ramani ya sakafu, samaki hayumo. Wazee wanapowaambia "tasi wapo hapa, miezi hii, kwa dema", hiyo ni ngazi ya kwanza inayoelekea ya pili. Nadhani hilo mnaweza kulisema kikaoni kwa heshima, na litatuliza pande zote.

Ila wazee nao wapimwe, na wasione vibaya. Ramani ya mvuvi ni ramani ya zana yake. Juya halikokotwi juu ya matumbawe. Dema halikai kwenye mkondo mkali. Mtumbwi wa kasia hauendi nje ya mwamba wakati wa kusi. Anaposema "pale hapana samaki", mara nyingine maana yake ni kwamba pale hapana mtu anayevua. Tena mzee anakumbuka bahari ya miaka thelathini iliyopita pamoja na ya jana, na zote mbili humtoka kwa sentensi moja. Mwulizeni kila mara: ni habari ya lini?

Ndiyo, mnaweza kuchora yenu. Ushauri wangu ni msianze na karatasi tupu, bali mchukue ramani mliyopewa muisahihishe. Ni rahisi kuliko kuanza upya, na shirika halitaona limetupwa.

Anzeni nchi kavu. Kaeni na kila kundi peke yake: wa madema, wa mshipi, wa nyavu, wanaozama, na wanawake wanaochokoa pweza na kutanda uduvi. Mkiwachanganya siku ya kwanza, wenye sauti kubwa watachora ramani na wengine watatikisa vichwa. Pateni picha kubwa ya eneo isiyo na rangi za majina, watu waweke majina yao wenyewe. Kila jina la mwamba, fungu na mlango ni taarifa. Mahali penye majina mengi yaliyobanana pana historia ya matumizi. Kisha kwa kila mahali andikeni samaki gani, ukubwa gani, mwezi gani, mbalamwezi au giza, kusi au kaskazi. Makundi yakishamaliza, yaleteni pamoja. Pale yanapopishana ndipo penye thamani.

Baada ya hapo nendeni majini. Chagueni pointi za aina tatu. Kwanza zile za ugomvi, kama pale pa madema. Pili zile ambazo kila mtu anakubali, ili kupima kama mnatumia macho yaleyale. Tatu, na hizi watu huzikwepa kwa sababu zinachosha, pointi za bahati nasibu: chora miraba juu ya eneo lote, ipe namba, mtoto afumbe macho achague. Bila hizo za bahati mtathibitisha tu kile mlichokwenda nacho. Kwa kila aina ya sakafu tafuteni pointi zisizopungua 30, na 50 ni bora. Aina zikiwa nne au tano, hiyo ni kazi ya wiki moja au mbili kwa boti moja na watu wanne.

Pangeni kazi ya miguu siku za bamvua, ambapo kwenu maji hukauka mnamo saa nne asubuhi na jua linatosha kuona. Mahali pa kina fanyeni siku za maji mafu, mkondo ukiwa mpole. Kwa kila pointi chukueni GPS ya simu, saa, kina, picha ya sakafu, na makadirio ya nyasi au matumbawe hai: hakuna, kidogo, nusu, karibu pote. Simu hukosea mita tano hivi, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo msisimame kwenye mpaka wa nyasi na mchanga. Ingieni ndani hatua kumi na tano kabla ya kuandika. Saa ni ya lazima kwa sababu kina bila saa hakisemi kitu kwenye bahari inayopanda na kushuka mita nne.

Pasipozameka tumieni bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina. Manahodha wa zamani walipaka shahamu chini ya risasi ya bildi, na kilichonata, mchanga au tope au vipande vya chaza, kiliwaambia wako juu ya nini. Njia hiyo inafanya kazi leo kama ilivyofanya kazi kwao. Mkiwa na kamera ndogo isiyoingia maji, ifungeni kwenye kamba yenye uzito muishushe mpaka karibu na sakafu, dakika moja tu kila pointi.

Kwenye nyasi mnazozitegemea wekeni pia kituo cha kudumu. Utaratibu unaotumika nchi nyingi ni kamba tatu za mita 50 zilizolazwa sambamba, mita 25 kati yake, na kila mita 5 unaweka fremu ya sentimita 50 kwa 50 unakadiria nyasi zimefunika asilimia ngapi. Jumla ni fremu 33. Fremu inatengenezwa kwa bomba la plastiki la maji. Rudieni wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, mahali palepale, na baada ya miaka miwili mtakuwa na kitu ambacho hakuna setilaiti iliyonacho.

Mkishapata pointi, linganisheni na ramani. Na hapa naomba muwe wakali. Tuseme mmekusanya pointi 150, hamsini pale ramani ilipopaka mchanga, hamsini ilipopaka nyasi, hamsini ilipopaka matumbawe, na ramani imepatia 112. Mtu atasema ni sahihi kwa karibu asilimia 75, tuendelee. Lakini zitenganisheni. Labda mchanga imepatia 46, nyasi 41, na matumbawe 25. Basi kwenye matumbawe imepatia nusu tu, yaani kila mahali palipopakwa waridi ni kama kurusha sarafu. Na waridi ndiko mnakoshauriwa kufunga. Asilimia moja ya jumla isikubalike kikaoni.

Hayo yote bado ni sakafu. Samaki mtamjua kwenye bandari ndogo yenu, na hapa kuna mtu ambaye sijaona shirika likimwalika: mama karanga. Yeye hupasua samaki kila siku kabla ya kumkaanga. Anajua siku gani tasi walikuwa na mayai, siku gani walikuwa watupu, na boti zilizoleta wale wa mayai zilitoka wapi, kwa sababu bei humfanya aulize. Mpeni daftari, au mtoto wake anayesoma amwandikie.

Mwelezeni tofauti moja tu. Samaki mwenye mayai makubwa tumboni anajiandaa kuzaa na anaweza kuwa mbali bado na mahali pa kuzalia. Lakini samaki ambaye ukimbinya tumbo kidogo mayai yanamwagika yenyewe, maangavu na mepesi, huyo amevuliwa yuko mazaliani au karibu sana. Mkipata samaki wa hivyo wengi kwa siku chache za mwezi mmoja, kutoka mahali pamoja, na pato la dema likapanda ghafla mara mbili au tatu, hayo ni makutano ya kuzaa. Tarehe ya mwezi andamo iandikwe. Kule Praslin, Shelisheli, makutano ya tasi yanajulikana kuwa karibu na mbalamwezi, na wavuvi wa madema waliyajua kabla ya watafiti. Hapohapo kwenu, upande wa Msambweni, makutano ya tasi yameandikwa pia, kwa kuanzia na maarifa ya wavuvi.

Kwa makulio, pimeni samaki wadogo. Mkikuta wadogo wengi mahali, msikimbilie kusema ndiyo makulio yenyewe. Mahali panaweza kujaa watoto ambao karibu wote huliwa kabla ya kutoka. Kinachohesabika ni wangapi wanafika utu uzima. Hilo hamtalipima kikamilifu, na wala sisi tulio na maabara hatulipimi kwa urahisi. Lakini mnaweza kuangalia dalili: je, mwezi baada ya mwezi, urefu wa wale wadogo unaongezeka? Na miezi michache baadaye mnaanza kuwapata wa wastani kwenye kingo za nyasi na mwamba wa karibu? Kama ndiyo, pana njia inayofunguka kutoka hapo. Kazi hii inataka mwaka mmoja wenye kusi na kaskazi. Miezi mitatu ya kaskazi itawapa nusu ya habari.

Sasa mfunge wapi? Sitachagua kwa niaba yenu, lakini nitasema ninachokiona. Kipande kimoja cha matumbawe kilichotengwa peke yake ni rahisi kulinda na kinapendeza kwa watalii, ila kwa tasi na changu wenu kinafanya kazi nusu. Ningependelea ukanda, hata mwembamba, unaotoka kwenye mfereji wa mikoko, ukavuka nyasi, ukafika mwambani. Gharama yake ni hii: maji ya karibu ndiyo riziki ya wasio na chombo, wanawake wa pweza na wazee wanaotembea kwa miguu. Mkifunga huko, wao ndio wanaolipa, huku wenye boti wakienda nje. Kama hamna namna ya kuwafidia, au kuwaachia sehemu, msifunge huko kwanza. Mahali pa kuzalia ni hesabu nyingine. Kufunga mlango mmoja kwa siku chache kila mwezi, katika miezi ya mayai, hakumnyimi mtu mwaka wake na kunalinda samaki wakiwa wamejikusanya na hawana pa kukimbilia. Mimi ningeanza na hilo. Nguru na kolekole wanaotembea mbali hamtawalinda kwa tengefu yoyote ya kijiji, na msiwaahidi watu kwamba watarudi.

Naomba sana kuhusu siri. Ramani ya mazalia ni ramani ya mahali pa kuwamaliza samaki. Little Cayman, huko Karibi, wavuvi waligundua makutano ya chewa mwaka 2001, samaki wapatao 7,000 mahali pamoja. Kwa misimu miwili walitolewa kama 4,000. Serikali ilifunga mwaka 2003, na imechukua miaka mingi kuona wakiongezeka tena. Ringneti moja, ule wavu mkubwa wa kuzungushia samaki, ikipata pointi zenu za GPS usiku mmoja kabla ya sheria kukamilika, mtakuwa mmefanya kazi ya wengine. Ramani ya sakafu isambazeni. Pointi za mazalia zikae kwa viongozi wawili watatu na afisa wa uvuvi, na zisitumwe kwenye kundi la simu.

Kuna mahali ambapo msiende peke yenu. Kina kikizidi mita 15 hivi, setilaiti na macho vyote vinashindwa, na panatakiwa boti yenye sona ya kupiga picha za pembeni, kifaa kinachochora sakafu kwa sauti. Ombeni KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, au chuo chenye kifaa hicho. Asizame mtu yeyote kwa mtungi wa hewa bila mafunzo, hata kama kijana anasema ameshawahi. Ikiwa kuna mradi wa bandari au wa kuchimba mchanga unaogusa eneo lenu, pateni mtaalamu anayejitegemea kabla hamjasaini chochote, maana hapo ramani yenu itakuwa ushahidi. Na kabla mipaka ya tengefu haijaandikwa, kaeni na afisa wa uvuvi wa kaunti na mpima. BMU hupata nguvu kupitia kanuni zake na sheria ya uvuvi ya 2016, na tengefu isiyo na mpango ulioidhinishwa haitamzuia mvuvi wa kijiji kingine. Mpima naye ahakikishe namba zote ziko katika mfumo mmoja. Ramani za zamani za Kenya zilitumia mfumo wa Arc 1960, GPS hutumia WGS84, na mkichanganya bila kugeuza, mpaka unahama karibu mita 300. Huo ni umbali wa kutosha kuuacha mlango wenyewe nje ya tengefu.

Shirika waambieni mambo haya. Wawape tarehe za picha na ramani yenyewe katika faili linalofunguka kwenye QGIS, programu ya bure, si picha iliyochapwa tu. Wawape hesabu ya usahihi kwa kila rangi, si kwa jumla. Walipie mafuta ya boti na chakula kwa siku kumi za kupima pointi, ambacho kwa mradi kama wao ni kitu kidogo. Na wasubiri mwaka mmoja kabla ya kuweka maboya. Wakisema bajeti yao inaisha kabla ya hapo, wawasaidie na hizo siku kumi, mengine mtamaliza wenyewe na mama karanga. Bamvua ijayo mwanze na pale pa madema.